UZI: Reli ya Chini kwa Chini ilifanyaje kazi? Tuongelee ratiba, barua, viatu na pesa

#1 Kumbukumbu_Kale (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Kila ikitajwa Reli ya Chini kwa Chini, ule mtandao wa siri uliowatorosha watumwa wa Marekani kwenda kaskazini, mazungumzo huishia kwenye mablanketi yenye alama na nyimbo zenye ramani. Nimeanzisha uzi huu tuijadili kazi yenyewe: nani alifanya nini, usiku upi, kwa pesa ya nani, na safari zilizoharibika ziliharibikia wapi. Nitakaa zaidi kwenye njia ya Maryland, Delaware hadi Philadelphia, kwa sababu ndiyo iliyoacha karatasi nyingi. Wenye kuzijua njia nyingine mniongezee.

Tuanze na jina. Hapakuwa na reli wala handaki. Treni ndiyo zilikuwa zinaingia miaka ya 1830, watu wakaazima lugha yake. Nyumba ya kujificha ikawa stesheni, mwenye nyumba mkuu wa stesheni, anayewaongoza watoro kondakta, na watoro wenyewe abiria au mizigo. Makao makuu hayakuwepo. Mwenye nyumba alijua anayemletea watu na anayempelekea, basi. Hata akikamatwa na kubanwa, alichonacho cha kutaja ni kidogo.

Na kubanwa kulikuwepo. Sheria ya kurudisha watoro ilikuwepo tangu 1793, lakini ile ya 1850 ndiyo iliyouma. Anayeficha mtoro: faini hadi dola 1,000, jela hadi miezi 6, na juu yake fidia ya dola 1,000 kwa kila mtu aliyepotea kwa ajili yake. Mtuhumiwa wa utoro hakuruhusiwa kujitolea ushahidi. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani na dola 5 akimwachia. Soma tena hapo: malipo mara mbili kwa kumfunga mtu minyororo.

Kwa hiyo baada ya 1850 Philadelphia, New York na Boston zikageuka mahali pa kupitia tu. Mwisho wa safari ukawa Kanada, ardhi ya Uingereza, ambako sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika 1 Agosti 1834.

#2 Binti_Tarishi

Shukrani mkuu. Swali la kwanza: kwa nini kila unaposoma habari za Harriet Tubman, yule kondakta maarufu wa njia hiyo, unakuta Jumamosi usiku na majira ya baridi? Ni bahati au utaratibu?

#3 Kumbukumbu_Kale

Utaratibu, dada. Jumapili watumwa wengi hawakwenda shambani, kwa hiyo mtu akikosekana haonekani mapema. Na bwana akishtuka Jumapili, tangazo la kumsaka mtoro halichapwi hadi Jumatatu. Hapo abiria ana usiku mmoja au miwili mbele ya karatasi yenye jina lake, umri, kovu la usoni na zawadi.

Baridi nayo ilikuwa na faida moja kubwa, usiku mrefu, na watu wamejifungia ndani. Hasara zake ni viatu kuloa, mito ya kuvuka kwa miguu maji yakiwa ya barafu, na miti isiyo na majani, hivyo mchana hakuna kichaka cha kuaminika.

Tubman mara nyingi hakuingia ndani ya shamba. Alikaa kilomita kadhaa mbali, ujumbe ukapelekwa, watu wakamfuata alipo. Akionekana yeye, msafara mzima umekwisha. Watoto wachanga aliwapa dawa yenye afyuni walale wasilie. Alibeba bastola pia, na haikuwa ya wasakaji peke yao: anayetaka kurudi katikati ya njia angepigwa hadi ataje kila nyumba aliyolala.

#4 Kumbukumbu_Kale (naendelea)

Tuchukue safari moja tuitazame kwa karibu.

Desemba 1854 Tubman, aliyekuwa ametoroka mwenyewe 1849, alipata habari kwamba ndugu zake watatu wa kiume, Ben, Robert na Henry, wanauzwa Krismasi ikiisha tu. Hakujua kuandika. Akaandikiwa barua kwenda kwa Jacob Jackson, mtu mweusi huru wa kaunti ya Dorchester, Maryland, aliyejua kusoma. Mtumaji akawekwa jina la mtoto wa kulea wa Jackson, William Henry, aliyekuwa akiishi kaskazini. Ndani mlikuwa na salamu kwa wazee, na maneno ya kikanisa: waambie ndugu zangu wakeshe wakiomba, na merikebu ya Sayuni itakapopita wawe tayari kupanda.

Barua za watu weusi zilikuwa zinafunguliwa posta. Waliofungua hii wakakuna vichwa, maana William Henry hakuwa na wazazi wala ndugu. Wakamwita Jackson. Akaipitisha macho, akaelewa papo hapo, akaitupa: haina kichwa wala miguu, haiwezi kuwa yangu. Kisha akaondoka kwenda kuwaambia ndugu wale kwamba dada yao yuko njiani.

Ona ilivyosukwa. Anayesomeka ni mtu asiye na makosa, lugha ni ya ibada, na ufunguo ni kitu kimoja ambacho msomaji wa posta hakijui: nani hasa mwenye ndugu.

Robert alichelewa kwa sababu mkewe Mary alishikwa na uchungu usiku uleule. Tubman hakumsubiri, hakuwa akimsubiri mtu yeyote. Robert akawafuata, akawakuta karibu na nyumba ya wazazi wao, Poplar Neck, ndani ya banda la kuhifadhia majani ya mahindi, mvua inanyesha. Krismasi nzima walilala humo. Baba yao, Ben Ross, akaambiwa kwa siri, akawapelekea chakula bila kuwatazama. Mama yao hakuambiwa, maana asingeweza kujizuia kulia. Alikuwa amepika akiwangoja wanawe waje kula sikukuu, nao wakamchungulia kupitia nyufa za ukuta akitoka mlangoni kuangalia njia.

Usiku wa kuondoka mzee Ben alijifunga leso machoni, akawasindikiza, mmoja kamshika mkono huku na mwingine kule. Walipoachana alisimama palepale hadi nyayo hazisikiki tena. Wasakaji walipokuja kumhoji akasema hajamwona mwanawe hata mmoja, na hakusema uongo.

#5 Mzee_wa_Posta

Hiyo ya leso imenishika koo. Endelea mkuu, walifikaje Wilmington?

#6 Kumbukumbu_Kale

Kwa miguu, kwa sehemu kubwa. Kutoka Poplar Neck hadi Wilmington ni zaidi ya kilomita 100 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na wao hawakupita mstari ulionyooka.

Wilmington, Delaware, alikuwepo Thomas Garrett, Mkwekari (muumini wa dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa), mfanyabiashara wa vyuma. Kuna barua yake ya 29 Desemba 1854 kwenda ofisi ya chama cha kupinga utumwa Philadelphia. Anasema usiku uliopita wamemsafirisha Harriet Tubman na wanaume sita na mwanamke mmoja. Harriet na mmoja wa wanaume viatu vilikuwa vimewaishia miguuni, akawapa dola mbili za kusaidia kununua vingine, na akaagiza gari la farasi likodiwe kwa gharama yake.

Watu huniuliza silaha kubwa ya mtandao ilikuwa nini. Jibu langu ni viatu. Mtu mwenye miguu iliyopasuka hafiki stesheni inayofuata kabla ya mapambazuko, na mapambazuko yakimkuta barabarani amekwisha.

Garrett alikuwa ameshaonja sheria. Mwaka 1848 yeye na mwenzake John Hunn walitozwa faini zilizomkausha mfuko. Akaendelea vilevile. Novemba 1856 Tubman alifika ng'ambo ya mto Christina na kundi ambalo ndani yake alikuwemo Joe Bailey, mtu aliyetangaziwa zawadi ya dola 1,500. Daraja la kuingia mjini lilikuwa linalindwa. Garrett akatafuta waashi na mikokoteni miwili ya farasi. Asubuhi wakavuka kutoka mjini wakiimba na kupiga kelele kama watu wa matembezi, walinzi wakawaona. Usiku wakarudi wakiimba vilevile, safari hii abiria wamelazwa chini kabisa, waashi wamekaa juu. Walinzi hawakusimamisha watu waliokwisha kuwazoea tangu asubuhi.

#7 Nahodha_wa_Jahazi

Niongezee ya majini, maana wengi husahau kuwa bahari ilibeba watu wengi na kwa haraka kuliko miguu.

Kwanza iliyoharibika. Usiku wa Jumamosi 15 Aprili 1848, watu 77 walipanda skuna iitwayo Pearl pale Washington. Mpango: kushuka mto Potomac, kuingia ghuba ya Chesapeake, kupanda nayo kaskazini hadi kwenye mfereji wa kwenda Delaware, halafu New Jersey. Upepo ukakatika usiku ule ule, maji yakawa kinyume, wakatia nanga karibu na mjini hadi alfajiri. Mchana upepo ukawasukuma hadi mlangoni mwa mto, kisha ukageuka ukavuma kutoka kaskazini, hasa kule walikotaka kwenda. Chombo cha tanga, nahodha hana la kufanya. Wakatia nanga tena karibu na Point Lookout. Meli ya moshi Salem, yenye wasakaji, ikawakuta humo usiku wa kuamkia Jumatatu. Wengi waliuzwa kusini zaidi. Daniel Drayton, aliyeipanga safari, alikaa jela zaidi ya miaka minne, hadi Rais Fillmore alipomsamehe 1852.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni kutegemea tanga dhidi ya watu wenye mashine ya moshi. La pili, watu 77 kutoka nyumba nyingi za mji mmoja wakikosekana asubuhi moja, mji mzima unaamka. Watu watatu wanne wangetafutwa na mabwana watatu wanne.

Sasa iliyofaulu. Novemba 1855 nahodha aliyejulikana kama Fountain alikuwa Norfolk, Virginia, na watoro 21 chini ya shehena ya ngano. Meya akaja na askari, mashoka na mikuki, wakaanza kuchoma ngano na kupasua mbao. Fountain akachukua shoka mwenyewe, akapiga sitaha yake kwa nguvu zote, akiwauliza wanataka apasue wapi tena. Wakaona mtu mwenye kitu cha kuficha asingevunja chombo chake namna ile, wakashuka. Wote 21 walifika Philadelphia.

#8 Binti_Tarishi

Na yule aliyejituma kwa sanduku? Ni kweli?

#9 Mkaguzi_Nyaraka

Kweli tupu, na vipimo vipo. Henry Brown, kutoka Richmond, Virginia, hadi Philadelphia, 23 Machi 1849. Sanduku la mbao: urefu futi 3, kina futi 2 na inchi 8, upana futi 2, yaani kama sentimita 91 kwa 81 kwa 61. Mtu mwenyewe alikuwa na uzito wa karibu kilo 90, kwa hiyo alikunjwa. Alibeba maji kwenye kibofu cha mnyama, biskuti chache, na kekee ndogo ya kutobolea tundu akikosa hewa. Ili apate ruhusa ya kutokwenda kazini alijimwagia asidi kidoleni hadi mfupa ukaonekana. Aliyelifunga na kulituma ni Samuel Smith, mwenye duka la viatu.

Juu waliandika upande huu juu. Wapakiaji hawakusoma. Kwenye meli aliwekwa kichwa chini zaidi ya saa moja, macho yanamtoka, mishipa imevimba, hadi abiria wawili waliotaka mahali pa kukaa wakalipindua. Saa 27 jumla. Lilipofunguliwa ofisini Philadelphia alisimama akaimba zaburi.

Baada ya hapo habari ikatangazwa magazetini. Mwezi Mei Smith akajaribu kutuma masanduku mengine mawili, akakamatwa, akafungwa miaka sita na nusu. Frederick Douglass, mwandishi mweusi aliyepinga utumwa, alisikitika hadharani: kama watu wangenyamaza, njia hiyo ingebeba wengi. Yeye mwenyewe alitoroka Baltimore 3 Septemba 1838, na namna alivyofanya hakuieleza kikamilifu hadi 1881, utumwa ukiwa umekwisha kitambo.

Namna yenyewe ni hii. Aliazima hati ya baharia huru, yenye picha ya tai wa Marekani juu. Maelezo ya mwili kwenye hati hayakufanana naye hata kidogo. Kwa hiyo hakwenda dirisha la tiketi, ambako hati hukaguliwa kwa utulivu. Alirukia behewa treni ikianza kuondoka, kavaa shati jekundu na kofia ya kibaharia, akasubiri kondakta amkute katikati ya msongamano. Kondakta akatazama tai, hakusoma maelezo. Chini ya saa 24 alikuwa New York, akapokewa na David Ruggles wa Kamati ya Ulinzi ya huko, iliyosaidia watoro.

#10 Mzee_wa_Posta

Na wasaliti je? Mtandao bila msaliti sijawahi kuusikia.

#11 Kumbukumbu_Kale

Walikuwepo. Machi 1857 watu wanane kutoka Dorchester waliongozwa na Thomas Otwell, mtu mweusi aliyeaminika kwenye njia hiyo. Zawadi juu yao ilifika dola 3,000. Alishirikiana na mzungu mmoja, akawapeleka usiku hadi jela ya Dover, Delaware, akawaambia ni nyumba ya kupumzika. Wakapandishwa ghorofani, mwanga wa mwezi ukaonyesha nondo za madirisha. Wakageuka wakashuka hadi chumba cha sherifu. Henry Predeaux akasambaza makaa ya moto chumbani, akavunja dirisha, wenzake wakaruka nje huku yeye akimzuia sherifu, naye akafuata. Wote wanane walitoka.

Aliyelipia ni mwingine. Kwa hasira za tukio hilo nyumba ya Samuel Green, mchungaji mweusi huru, ilipekuliwa mwezi uliofuata. Kilichopatikana: ramani ya Kanada, barua ya mwanawe aliyetorokea huko, na riwaya moja inayopinga utumwa. Kwa riwaya hiyo peke yake alihukumiwa miaka 10. Alitolewa 1862 kwa sharti aondoke Maryland.

Kosa la kiufundi kwenye safari ya wale wanane ni kundi zima kuwa mikononi mwa kiongozi mmoja, kwenye njia ambayo wao hawakuijua.

#12 Kijana_Rabai

Mkuu, naomba niweke na ya huku kwetu kwa ufupi, maana watoro wa pwani nao walikuwa na njia zao.

Rabai, karibu kilomita 20 kutoka Mombasa, palikuwa na misheni tangu Krapf na Rebmann, 1846. Miaka ya 1880 watoro kutoka mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi walikuwa wakimiminika huko. Kisheria wamishenari hawakuruhusiwa kuwapokea. Aliyekuwa akisimamia Rabai ni William Jones, Mwafrika aliyelelewa India baada ya kuokolewa utumwani. Chini yake watoro walipewa mahali, wakajenga, wakalima, wakachanganyika na waumini hadi huwezi kumtofautisha mtoro na mwenyeji. Kule Fuladoyo kulikuwa na kijiji cha Wagiriama Wakristo na watoro. Kiongozi wake David Koi aliuawa 1883.

Mwaka 1888 wenye watumwa walipotishia kuja na silaha, Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alikuta watoro zaidi ya 1,400 kwenye misheni, zaidi ya 900 wakiwa Rabai. Mabwana wakalipwa reale 25 kwa kila kichwa, na hati za uhuru zikagawiwa 1 Januari 1889.

Tofauti na Marekani naiona hapa: huku hapakuwa na mpaka wa kuvuka. Mtoro alibaki umbali wa mwendo wa siku moja kutoka kwa bwana wake, kwa hiyo usalama wake ulikuwa wingi wa watu waliomzunguka.

#13 Binti_Tarishi

Asante sana ndugu wa Rabai. Kumbukumbu_Kale, umalizie mawili: mablanketi, na hesabu. Kweli Tubman alitoa watu 300?

#14 Kumbukumbu_Kale

Mablanketi ya viraka yenye alama za siri: dai hilo lilienea kutokana na kitabu cha 1999 kilichotegemea simulizi ya familia moja. William Still, karani wa Philadelphia aliyeandika habari za watoro, hakuandika habari hizo, Douglass hakuandika. Ule wimbo maarufu wa kibuyu na nyota ulichapwa mara ya kwanza 1928. Nyimbo za kanisa Tubman alizitumia kweli, kuwaambia waliojificha kama njia ni salama, ila hazikuwa ramani.

Watu 300 na safari 19 ni hesabu ya mwandishi wa maisha yake miaka ya 1860. Utafiti wa karibuni unafika kwenye safari kama 13 na watu kama 70, na wengine wengi aliowaelekeza njia wakaenda wenyewe. Zawadi ya dola 40,000 haikuwepo. Tangazo linalojulikana ni la Oktoba 1849, dola 100 akikamatwa nje ya jimbo. Kwangu mimi 70 ni kubwa kuliko 300, kwa sababu wengi wa hao 70 tunawajua kwa majina.

Sensa ya 1850 iliandika watoro 1,011 kwa mwaka, ya 1860 ikaandika 803, wakati watumwa walikuwa karibu milioni 4. Hizo ni taarifa za mabwana, lakini zinaonyesha ukubwa wa ukuta. Wengi waliofaulu walitoka majimbo ya mpakani. Wa Mississippi au Alabama hakuwa na stesheni ya kukimbilia.

#15 Mzee_wa_Posta

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kama usiri ndio uhai, kwa nini William Still aliandika majina yote yale? Daftari moja likishikwa si wote wamekwisha?

#16 Mkaguzi_Nyaraka

Hatari hiyo aliijua. Still alikuwa karani mweusi kwenye ofisi ya chama cha kupinga utumwa Philadelphia tangu 1847, na kuanzia Desemba 1852 akaongoza kamati iliyopokea watoro. Kila abiria alihojiwa: jina, umri, bwana wake nani, kaacha nani nyuma, jina jipya analochukua, na pesa zilizotumika kwa chakula, nguo na tiketi. Wale ndugu wa Tubman waliingia hapo wakitokea Poplar Neck, wakatoka na jina la ukoo Stewart. Mambo yalipozidi kuwa moto, karatasi zilifichwa kwenye jengo la makaburi ya Lebanon. Alizichapa 1872.

Sababu ya kuandika ni ya Agosti 1850. Aliingia ofisini mtu wa makamo kutoka Alabama, Peter, aliyekuwa amejinunua kwa dola 500. Alisema aliachwa utumwani pamoja na kaka yake walipokuwa wadogo, zaidi ya miaka 40 nyuma, mama yao alipotoroka na mabinti wawili tu. Anatafuta watu wake. Still akamuuliza majina ya wazazi. Levin na Sidney, akajibu.

Hao walikuwa wazazi wa Still. Aliyekaa mbele yake ni kaka yake wa tumbo moja, ambaye hakuwahi kumwona. Mama yao alikuwa bado hai New Jersey, na Peter akapelekwa kwake.

Tangu hapo kila aliyepita mlangoni aliulizwa majina ya wazazi na ndugu zake, yakaandikwa.